Vifaru 33, Watu Je?

Niseme mapema ili tusichoshane: wale watu sitawatoa kwenye kifaru.

Tangu niweke picha za kifaru changu cha plastiki, ushauri nilioupata unatosha kujaza daftari la kurasa mia. Kuna wanaotaka niwatoe wale askari watatu kibaki kifaru peke yake, ati ndo kitapendeza. Kuna wanaotaka wabaki ila niwapake ile rangi iliyo kwenye picha ya boksi. Kuna Ami jirani yetu, yeye shida yake ni masanamu. Na kuna mamangu, anayetaka vyote vitoke: kifaru, askari, na picha zenyewe. Kila mmoja ana sababu. Ya mamangu ndiyo nzito kuliko zote na nitaifikia.

Kwa wageni: mimi ni mtu wa Shella, hii ya Malindi mjini, sio ile ya Lamu. Hapa ukisema mtu anaunda vitu vidogo kwa mkono, kila mtu anafikiria majahazi ya kuuzia watalii. Mimi naunda kifaru. Ni T-72, kwa kipimo cha 1:35, yaani kila sentimita 35 za kile cha kweli ni sentimita moja kwangu. Kifaru chenyewe, ukihesabu na mzinga uliochomoza mbele, kina karibu mita tisa na nusu. Changu kina sentimita 27, kinaenea kwenye sinia ya chai. Mtu mzima anakuwa sentimita 5, sawa na kidole changu cha mwisho.

Boksi lilitoka Dubai ndani ya sanduku la binamu yangu, katikati ya viatu na sabuni. Lilikuja na askari mmoja tu, na huyo mmoja ni nusu mtu. Ameishia kiunoni. Waliomtengeneza walipiga hesabu kwamba akishawekwa kwenye tundu la juu hakuna atakayechungulia kutafuta miguu. Wenzake wawili nimewafinyanga mwenyewe kwa epoksi ya kukanda, ile ya kuzibia mabomba, juu ya uti wa waya. Ni kazi ya kuumiza macho. Epoksi inakupa kama nusu saa kabla haijakaza, na katika nusu saa hiyo lazima pua iwe pua.

Sasa swali ambalo wengi mmeuliza: mbona T-72, na jeshi letu la Kenya linatumia Vickers? Ni kwa sababu ya Faina.

Mabeste wa umri wangu hamkumbuki, tulikuwa chekechea. Tarehe 25 Septemba 2008, meli ya Waukreni iliyoitwa MV Faina, yenye bendera ya Belize, ilitekwa na maharamia wa Kisomali ikiwa njiani kuja Mombasa. Tumboni ilikuwa na T-72 33, pamoja na silaha nyingine na risasi. Ikatiwa nanga pwani ya Somalia, upande wa Hobyo, manuwari za Marekani zikaizunguka, na hapo ikakaa zaidi ya miezi minne. Iliachiliwa tarehe 5 Februari 2009 baada ya kulipwa dola milioni 3.2. Wiki moja baadaye ikafunga gati Kilindini.

Barazani kwetu wazee wanaikumbuka vizuri sana hadithi hii. Uliza vifaru vilikuwa vingapi, utaambiwa thelathini na tatu kabla hujamaliza swali. Uliza pesa, utaambiwa mpaka ile nukta mbili. Halafu uliza mabaharia walikuwa wangapi. Wee! Kimya. Mmoja akaniambia, "Si walikuwa Wazungu?" kana kwamba hiyo ni idadi.

Walikuwa 21. Waukreni 17, Warusi 3 na Mlatvia 1. Nahodha wao, Vladimir Kolobkov, alifia humo humo melini siku za mwanzo kabisa, ugonjwa wa moyo. Waliofika Kilindini wazima ni 20. Miezi minne na ushei wametazamwa na mitutu, wamelala juu ya shehena ya chuma ambayo si yao, na sisi tuliokuwa tunangoja meli huku bandarini tulihesabu shehena.

Hapo ndipo hoja yangu ilipoanzia. Ndani ya vile vifaru 33 hakukuwa na mtu hata mmoja. T-72 inaingia watu watatu, kwa hiyo mahali fulani walikuwepo vijana karibu mia waliokuwa wanasubiriwa na zile nafasi. Vijana wa wapi?

Serikali yetu ilisema ni mali ya jeshi la Kenya. Andrew Mwangura wa Mombasa, aliyekuwa akitetea mabaharia kupitia shirika lake, akasema hapana, mzigo ni wa Sudan Kusini. Oktoba hiyo hiyo alikamatwa, akafikishwa kortini kwa kutoa maneno ya kutia watu hofu, akakaa ndani siku kadhaa kabla ya kupata dhamana. Kwenye karatasi za mzigo kulikuwa na herufi GOSS, ambazo wakati ule kila aliyefuatilia habari za Juba alizijua kuwa ni serikali ya Sudan Kusini. Serikali yetu ikasema zina maana nyingine. Kisha mwaka 2010 zikavuja zile barua za kibalozi za Marekani kupitia WikiLeaks, nazo zikaonyesha Wamarekani wenyewe walijua vifaru vinapita Kenya kuelekea Sudan Kusini. Ukiwauliza wakubwa leo watakuambia hayo yamepita.

Sasa utamu wa kazi yangu ni huu. Ukishika brashi huwezi kujibu kama msemaji wa serikali. Yule askari anataka sare. Ana kola, ana kofia, ana ngozi. Ama umpake ni Mkenya, ama umpake ni kijana wa Sudan Kusini, ama umfanye Mrusi wa kwenye boksi. "Jambo hili linachunguzwa" haina rangi dukani. Mimi nimechagua. Wangu ni vijana wa Sudan Kusini, sare ya kijani iliyopauka, kofia nyeusi za kitambaa zenye matuta, zile ambazo madereva wa vifaru vya Kirusi huvaa ili wasipasuke vichwa humo ndani.

Na kupasuka kichwa ndo jambo dogo. Hebu niwaeleze wanakaaje, maana sikuijua hii mpaka nilipojenga. Dereva yuko mbele peke yake, katikati, amejilaza kama mtu aliye kwenye kiti cha kinyozi, na mzinga uko juu ya kichwa chake. Mpiga mzinga yuko kushoto, kamanda kulia, ndani ya kile kichwa kinachozunguka. Vifaru vingi vina mtu wa nne wa kupakia risasi. T-72 haina, inapakia kwa mashine, na ndiyo maana ni fupi na ndogo. Lakini ile mashine inazibeba risasi zimepangwa duara sakafuni, chini ya wale wawili. Wanakalia mzigo wao wenyewe. Kikipigwa vibaya, zile risasi zinalipuka pamoja na kichwa chote kinaruka. Mmeona picha za vita vya Ukraine tangu 2022, kifaru huku na kichwa chake kule kwenye majani. Watu wanazitumiana na emoji za kucheka. Mimi nikiiona ile picha najua ni watu watatu. Nimeshawakalisha kwa kibano, najua magoti yao yanafika wapi.

Kwa hiyo unaponiambia niwatoe kifaru kipendeze, unaniambia nifanye yale yale yaliyofanywa na redio 2008.

Rangi je? Kile kichupa kinachouzwa kwa ajili ya kazi hii kimeandikwa kwa Kizungu "rangi ya ngozi". Kifungue: ni waridi iliyopauka, kama plasta ya kidonda. Ngozi ya nani hiyo? Hapa Shella ukitoka msikitini Ijumaa utahesabu ngozi kumi tofauti kabla hujafika kwenye viatu vyako, na hakuna hata moja iliyomo kwenye kichupa kile. Nililazimika kuchanganya. Kwa mnaotaka kujaribu: anza na kahawia iliyoiva, karibu na nyeusi, tia tone la buluu ya usiku. Usitumie nyeusi tupu, uso unakufa, unakuwa kama sufuria iliyoungua. Paka uso wote kwa hiyo. Ikikauka, ongeza wekundu kidogo na upake pale jua linapogonga: paji, daraja la pua, juu ya mashavu, mdomo wa chini. Tabaka nyembamba nyembamba, tano au sita. Macho usiyape nyeupe ya karatasi, yatatoka kama ya mtu aliyeona jini. Tumia rangi ya pembe. Viganja viwe vyepesi kuliko mgongo wa mkono, wengi husahau. Na kwa sababu hapa kwetu hewa ina chumvi na unyevu, usikimbilie tabaka la pili kwa kuwa la kwanza limekauka juu. Acha usiku mzima, hasa mvua zikiwa karibu.

Matope ya kwenye minyororo sikununua. Ni yale ya Mto Sabaki, yale yanayofanya bahari yetu iwe kama chai ya maziwa, nimeyakausha na kuyapepeta kwa chujio. Najua Juba si Malindi. Lakini nadhani tope la hapa halitalalamika.

Mtu mmoja aliniambia vifaru na vita si mambo yetu, sisi ni watu wa samaki na utalii. Aulize wakongwe. Malindi ilidondoshewa mabomu na ndege za Waitalia mwaka 1940. Ndio, Waitalia hao hao wa piza na ice cream. Na mwaka uliofuata maelfu ya askari wa KAR, Waafrika, walitoka nchi hii wakaenda mpaka Mogadishu na Ethiopia kupigana nao. Tafuta boksi la kifaru au gari la kivita la vita vile lenye askari Mwafrika ndani. Ukilipata niambie, nalinunua leo.

Lakini tusiwatupie lawama wenye viwanda vya mbali peke yao. Tazameni majahazi yetu. Tanga limeshonwa vizuri, kamba ziko, omo na tezi zimechongwa mtu akashangaa. Nahodha yuko wapi? Mwanamaji wa kufua maji? Hakuna. Chombo kinakwenda chenyewe kama jini. Mjomba wangu amevua miaka mingi na anaweza kukaa saa nzima akikuambia nani alikaa wapi ndani ya chombo fulani na kwa nini, nani alishika usukani, nani alikuwa hajui kupika wali. Mtalii anabeba ule mfano kwenda nao Milano, anauweka juu ya kabati, na maisha yake yote atajua kwamba pwani hii ilikuwa na majahazi. Kwamba ilikuwa na watu, hilo halimo kwenye mfuko.

Ami akanisikia nikisema haya akanijibu kwa upole: jahazi halina watu kwa sababu kuchonga mtu ni kuchonga sanamu, na hilo mafundi wa zamani waliliogopa. Sibishani naye. Ni mtu aliyenifundisha kusoma juzuu, na najua maulamaa wamelizungumza jambo la taswira kwa upana, wapo walioruhusu vya kuchezea na wapo waliokataza vyote. Nilimwambia tu, Ami, hawa siwatundiki ukutani wala siwapi heshima ya ibada, nawaweka mahali ambapo watu walikuwepo kweli na wakasahauliwa. Akaniambia nitafakari. Natafakari. Kwa sasa nimekubali kitu kimoja, kwamba wakati wa swala sinia inafunikwa kwa kanga. Kama kuna anayeona hiyo haitoshi, haki yake, na hatukosani.

Sasa mamangu.

Yeye hakusema haramu wala hakusema rangi. Aliangalia ile picha kwenye simu, akaniangalia mimi, akasema, "Baba, kijana wa Shella, ndevu hizi, na picha za vita?" Basi. Hakuongeza neno, na sikuhitaji aongeze. Mnaosoma hii mkiwa Nairobi huenda hamtaelewa mara moja. Pwani hii kuna akina mama ambao mpaka leo wanatembea na picha za watoto wao waliochukuliwa na hawakurudi. Mashirika kama Haki Africa na MUHURI yameandika habari zao miaka na miaka. Mama wa hapa akiona mwanawe na kitu cha kijeshi, hata kama ni cha plastiki na kinakaa kwenye sinia, haoni mchezo. Anaona mlango unagongwa saa nane za usiku. Na nikimtajia Mwangura, kwamba yeye alikuwa anasema kweli tu kuhusu vifaru, mamangu ananijibu, "Ndo nakwambia sasa. Alilala wapi?"

Hoja hiyo sina jibu lake kamili. Ila namwambia hivi: woga wake ni woga wa kijana mmoja kugeuzwa kuwa namba, na kifaru changu ni kelele dhidi ya jambo hilo hilo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka Juba Desemba 2013, vifaru vilikuwa barabarani, na ndani ya kila kimoja kulikuwa na watoto wa akina mama. Siwezi kukuambia vipi kati yao vilipita Kilindini. Naweza kukuambia kwamba nchi yangu ilivifungulia geti 33 na haikuuliza nani atavipanda wala nani atakuwa mbele yake. Kama sisi tuliokaa njiani hatulisemi, alisemee nani? Mwarabu wa Dubai aliyeniuzia boksi?

Tumefika mahali pa kati, mimi na mama. Sitaweka picha za nyumba wala za uchochoro. Sitapaka bendera yoyote. Na ile bunduki kubwa inayokaa juu ya tundu la kamanda haipo. Nyie mafundi wenye macho makali mmeniandikia kwamba nimesahau kuibandika. Sikusahau. Iko kwenye droo ya mamangu pamoja na sindano na risiti za stima, na amesema itakaa huko. Kifaru bila bunduki ile si sahihi, najua, na kwenye mashindano yoyote ningekatwa alama. Nimekubali kukatwa. Watu watatu ndo sikukubali kutoa, na kwa hilo mama hakunishika sana. Juzi nimemkuta amefunua kanga anawatazama. Akauliza yule wa mbele mbona anaonekana amechoka. Nikamwambia amelala vibaya.

Kilichobaki ni mtu wa nne. Huyu hayumo ndani ya kifaru, anasimama kando yake, juu ya kipande cha mbao nilichokipaka kiwe kama sakafu ya meli, minyororo imekifunga kifaru pande zote nne. Ni baharia. Epoksi yake imeshakaza, amekunja mikono, amevaa bukta na kandambili. Kofia nimempa nikamtoa. Huyu ndiye nitakayempaka kwa kile kichupa cha waridi, mradi nimekilipia. Tatizo ni uso. Mtu aliyekaa miezi minne chini ya jua la Somalia huku ananyooshewa bunduki hawezi kuwa na rangi ile ile aliyotoka nayo kwao, na sijapata picha nzuri ya karibu ya wale 20 wakishuka. Mwenye ndugu aliyekuwa akifanya kazi gatini Februari 2009 amuulize kama alipiga picha yoyote. Hata iliyofifia nitaitumia. Na aniambie viatu, kama anakumbuka.